Jua la Nyakabere Halipandi Mlima

Mwezi wa saba umeingia, shule zimefungwa, vumbi la uwanda wa Ruzizi limelala juu ya majani ya migomba kama unga kwenye nyusi za mtu wa kinu. Wewe umealikwa harusi ya binamu yako huko Haut-Plateau, nyanda za juu za Minembwe. Umeketi Nyakabere chini ya mwembe, fulana imekunata mgongoni, na mbele yako valizi imefunguliwa mdomo. Unajiambia: huu ni wakati wa kiangazi. Kiangazi ni jua, na jua ni joto. Basi nitabeba nguo nyepesi.

Hongera. Umekwisha kuianza vizuri safari ya kutetemeka, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako.

Tupige hesabu kwanza, maana baridi ya kule haina uchawi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Minembwe na vijiji vyake viko juu ya mita 2,000, na nyuma yao milima ya Itombwe inazidi kupanda hadi kilele cha Mohi, mita 3,475. Kila mita 1,000 unazopanda hukunyang'anya nyuzi sita hivi za joto. Aliyeacha nyuzi 30 huku chini akifika kule mchana atakuta kama 20, na atasema, mbona pazuri? Mwache aseme. Jua bado halijazama.

Likishazama ndipo utaelewa kwamba kiangazi chenyewe ndicho adui. Wakati wa mvua mawingu hufunika mlima usiku kucha kama blanketi. Kiangazi kinapokuja blanketi linavuliwa, anga linabaki tupu, nyota zinakuwa nyingi hadi zinakera, na joto lote lililokusanywa mchana linapaa kwenda zake. Sisi wa chini hatulijui jambo hilo kwa sababu tuna jiko letu: maji ya ziwa hayapoi, yanatupashia joto mpaka alfajiri, nasi tunalalia mkeka na kulalamikia mbu. Watu wa juu wanatumia neno lile lile, kiangazi, ila wao wanalitamka mikono ikiwa kwapani.

Kabla hujakunja hata shati moja, uliza njia. Hapa sifanyi mzaha. Ipo miaka ambayo mtu hupanda akiimba, na ipo miaka ambayo hapandi mtu. Tangu mapigano yalipochacha kandokando ya Minembwe mwaka 2019, vijiji vingi vimechomwa moto, na wengi waliokuwa wakitupokea kule juu na moto na maziwa wameshuka kukaa kwetu, katika joto wasilolizoea, wakiwa wamevaa makoti yao yale yale. Kwa hiyo waulize kwanza wanawake wanaopandisha chumvi na ndagala, yaani dagaa. Wao ndio wanaojua njia ilivyo leo asubuhi. Wakikwambia ngoja, irudishe valizi chini ya kitanda na mwongozo huu uusome mwakani.

Wakikwambia twende, endelea.

Vijana wa pwani ya ziwa huanza na suti. Sisi ni Wakongomani, na nchi iliyomzaa Papa Wemba, mwimbaji wa mavazi maridadi, haiwezi kupanda mlima ikiwa haijapigwa pasi. Suti ya bluu, shati jeupe, mokasini nyeusi zenye ncha, na kitambaa cha mfukoni kinachofanana na tai. Nazungumza kwa uzoefu. Mara yangu ya kwanza nilipanda na valizi ya magurudumu. Niliichagua kwa makusudi, kwa sababu ilikuwa mpya, na niliwaza kwamba nitaiburuta kidogo kidogo huku nikizungumza na watu. Njia ile ina upana wa ng'ombe mmoja mwembamba. Ina mawe, mizizi, na mahali ambapo inakuwa ngazi isiyo na vidato. Nilipofika kwenye kijito cha kwanza nilikuwa nimeikumbatia valizi kama mtoto mgonjwa. Kwenye cha pili nilimlipa kijana mmoja anibebee. Aliipindua juu chini, akaitua kichwani juu ya ngata, akaondoka mbio, na nusu saa nzima nilitembea nyuma yake nikitazama magurudumu manne yakizunguka hewani kila upepo ulipovuma.

Ile suti ilifika salama. Mimi ndiye niliyefika nimelowa jasho, shati la pamba limenishika mbavu, na tuliposimama kupumzika mahali pa wazi upepo uliniingia mpaka kwenye meno. Hili usilisahau: pamba ni rafiki wa uwandani. Ukipanda nayo inakunywa jasho lote, na ukisimama inakurudishia jasho hilo likiwa baridi kama maji ya mtungi. Beba shati la pili, kavu, uliweke juu kabisa mahali mkono unapofika, na ulibadilishe pale pale njiani kabla hujakaa. Usione haya. Kila mtu wa njia ile amekwisha kuona mgongo wa mwenzake.

Shangazi alinipokea mlangoni. Alinitazama kuanzia mokasini hadi kola.

"Mutoto wangu, nguo zako ziko wapi?"

"Ndizo nimevaa, shangazi."

"Hizi? Hizi ni za kuvaa ndani."

Akaingia, akatoka na koti refu la marehemu mjomba lililonuka moshi na siagi, akanivika kama anavyovikwa mfalme, na harusi nzima nikakaa humo. Picha ninazo hadi leo. Suti haionekani. Inaonekana ncha ya kitambaa cha mfukoni tu, imechungulia kwenye tundu la kifungo.

Basi shangazi aliusema kwa neno moja mpango mzima wa nguo za mlimani: kila unachokivaa chini, kule ni cha ndani. Fulana, juu yake shati, juu yake tiriko, yaani sweta, na juu ya tiriko kitu cha kuzuia upepo hata kama ni koti la mvua la plastiki. Nguo tatu nyembamba zina joto kuliko moja nene, kwa kuwa kati ya moja na nyingine hukaa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayokutunza. Tena unaweza kuvua moja moja kadiri jua linavyopanda, ukazivaa tena kadiri linavyoshuka. Watu wa juu hufanya hivyo siku nzima pasipo kufikiri, kama sisi tunavyofukuza nzi.

Kuna rangi za kuacha nyumbani. Nyeupe itakuwa ya udongo kabla ya saa sita, lakini hiyo ni hasara ya sabuni tu. Hasara kubwa iko kwenye kile kitambaa cha madoa ya kijani na kahawia. Kinauzwa sokoni kwa bei nafuu, kinapendeza, vijana wanakiona cha kishujaa. Kiache. Suruali, kofia, hata begi la mgongoni la madoa hayo liache. Mahali fulani njiani kutakuwa na kamba imevutwa kati ya miti miwili na kijana amekaa pembeni na bunduki. Atakuuliza kitu hicho umekitoa wapi, na jibu la kweli, yaani sokoni, halijawahi kumridhisha mtu wa namna hiyo. Vaa rangi ya maua. Vaa jezi ya mpira ya timu iliyofungwa. Vaa kitu ambacho ukionekana nacho kwa mbali mtu atacheka kabla hajaanza kufikiri.

Sasa twende sokoni, kwa sababu najua tiriko huna. Mtu wa Nyakabere mwenye tiriko ni mgonjwa wa malaria au ametoka Bukavu jana.

Milima hii inayoanza nyuma ya nyumba zetu na kuongozana na ziwa kuelekea kusini, kwenye ramani imeandikwa Milima ya Mitumba. Sijakutana na mtu wa kuniambia bila kusitasita jina hilo lilitoka wapi, na sitalitungia hadithi. Lakini mpanda mlima ataona kwamba aliyelitoa hakukosea hata kidogo. Mtumba ni mzigo wa nguo uliofungwa. Zamani za misafara ya pwani wapagazi walibeba mitumba ya merikani na kaniki mabegani toka Bagamoyo hadi Ujiji, na nguo hizo hazikuwa za kuvaa safarini. Zilikuwa ndizo fedha zenyewe: unalipia njia kwa upande wa nguo, unanunua mtama kwa mikono kadhaa ya nguo. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili mwaka 1858, wakiutafuta mto Ruzizi, walikuwa wamevuka nchi yote hiyo kwa kuifungua mitumba yao mmoja baada ya mwingine. Waliambiwa kwamba mto unaingia ziwani, hautoki, wakageuza. Mlima hawakupanda. Aprili ni mwezi wa mvua, na nguo zao bila shaka zilikuwa zimelowa tangu Ujiji; nawaelewa kabisa.

Leo mtumba ni ile nguo iliyovaliwa Ulaya na Marekani, ikachoka, ikafungwa balo, ikavuka bahari. Warwanda wanaiita caguwa, ambayo ni chagua yetu imevaa lafudhi ya Kigali, na mwaka 2016 serikali yao iliipandishia ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani ikanuna, na mwaka 2018 ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Mambo makubwa hayo. Sisi mambo yetu ni madogo: balo likikatwa kamba asubuhi, kila mtu anarukia jinzi na magauni, na chini kabisa, vikiwa vimekunjamana kama wazee waliosahauliwa kwenye sherehe, hubaki vitu vizito. Makoti ya sufu. Majaketi yaliyojazwa manyoya ya bata. Suruali zenye bitana. Soksi ndefu za kufika gotini. Nani atavaa vitu hivyo kando ya ziwa? Hakuna. Ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana vinapanda mlima.

Mwambie muuzaji unaenda Haut-Plateau. Usimwambie lini. Akijua kwamba ni kesho, bei itapanda kabla yako. Vuta tiriko pande zote mbili uone kama inarudi. Isiyorudi imekufa, ni nyavu. Nusa kwapa, samahani, lakini nusa. Inua koti dhidi ya jua uone matundu ya nondo. Zipu ipandishe na kuishusha mara tano, kwa maana zipu ya mtumba ni kama dereva wa lori: mara ya kwanza husema hakuna shida. Na vidole vya glavu vihesabu.

Kule juu ndiko nilikoona jinsi nguo hizo zinavyotulia, kana kwamba safari yote kutoka Ulaya ilikuwa ya kutafuta mahali pa baridi tena. Asubuhi moja nilikaa kwenye majani na mzee mchungaji, ng'ombe wake wakiota jua ubavu mmoja. Alikuwa na fimbo, mabuti ya mpira, kofia ya kuzunguka, na jaketi la kuteleza kwenye theluji, la rangi ya chungwa yenye mistari ya zambarau, safi, limetiwa kiraka kimoja tu kwenye kiwiko kwa uzi uliofanana kabisa. Kwenye zipu ilining'inia kadi ndogo ya plastiki imefungwa kwa waya. Ilikuwa tiketi ya mahali fulani kwenye milima ya Alps, tarehe imefutika, picha ya kiti kinachopanda kwenye kamba bado inaonekana.

"Mwana wetu, wewe umesoma," akasema. "Hiki ni kitu gani?"

Nikamweleza. Kwamba huko wana mlima wenye theluji, na kiti kinachotembea juu ya waya. Unalipa, unakaa, kinakupandisha mpaka kileleni.

"Kuna ng'ombe kileleni?"

"Hapana, mzee."

"Kuna soko?"

"Hakuna. Ukifika unavaa mbao mbili miguuni, unateleza mpaka chini."

"Kisha?"

"Kisha unakaa tena kwenye kiti."

Alikishika kile kikadi kati ya vidole viwili, akakigeuza nyuma, akakirudisha. Akatazama bondeni, kule njia yetu ilikokuwa ikipanda, na wanawake watatu walikuwa wakija taratibu, wameinama, kamba ya mzigo ikiwa kipajini, kila mmoja na gunia. Walichukua muda mrefu sana kutufikia. Walipofika akawapa nafasi wakae, akaniuliza kwa sauti ya chini kiti kile kinagharimu ng'ombe wangapi.

Wale wanawake nao ni somo, nalo ni bora kuliko langu. Hakuna aliyekuwa na valizi. Kila mmoja alikuwa na vikwembe, yaani vitenge, vitatu: kimoja kiunoni, kimoja mabegani, kimoja kimefungwa juu ya mzigo. Nimejaribu kuhesabu kazi za kikwembe mlimani nikachoka. Ni shuka na ni shali. Ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni ngata ya kichwani, ni mbeleko, ni gunia la viazi, ni mwavuli wa dakika tano ukungu unapogeuka manyunyu. Ukilala karibu na moto kinazuia cheche. Ukiumia kinakuwa bendeji. Mwanamume unayesoma, nakusikia ukisema hicho ni cha wanawake. Sawa. Tutakutana saa tisa usiku, wewe ukiwa na suti yako na mimi nimejiviringisha cha shangazi hadi masikioni, tuone nani atasalimia alfajiri akiwa bado anahisi pua yake.

Miguuni: acha kambambili. Zivae ndani tu, na hata hapo juu ya soksi, jambo ambalo Nyakabere lingevunja uchumba lakini kule ni heshima ya kawaida. Kiatu kizuri ni kile ulichokwisha kukizoea, chenye meno chini, na ukikosa hicho mabuti ya mpira, mradi uwe na soksi mbili mbili. Kiatu kipya ni cha kumtuma adui.

Usoni: jua la kule ni la hila. Hewa ni baridi, hivyo hulihisi, na wakati huo linakuchoma kuliko la ziwani, kwa sababu kila mita 1,000 unazopanda mionzi yake yenye kuunguza inaongezeka kama asilimia 10. Beba kofia ya kuzunguka kwa mchana, boneti ya sufu kwa usiku, na kopo la vazelini kwa midomo. Vazelini hiyo ifiche. Ikionekana jioni ya kwanza, itazunguka nyumba nzima na kurudi kopo tupu.

Na hapa ndipo waandishi wengine wa miongozo wanaponyamaza. Wanakufundisha jinsi ya kufunga valizi ya kwenda, kana kwamba utarudi nayo. Ndugu yangu, hutarudi nayo. Siku ya tatu binamu mdogo atakwambia tiriko yako ni nzuri. Hajaomba kitu, amesifu tu. Siku ya nne atasema kwamba yeye huamka saa kumi kukamua. Siku ya tano atakaa karibu nawe motoni akiwa na shati moja, akikohoa kwa adabu, uso ameugeuzia pembeni ili asikusumbue. Siku ya sita utashangaa kuona tiriko yako ikipita uani na ndoo ya maziwa, na utagundua kwamba uliitoa mwenyewe, kwa furaha, jana usiku. Soksi zitaenda kwa babu. Boneti itachukuliwa na mtoto ambaye hata hamhusiani. Koti la mvua litabaki kwa shangazi, maana mvua za mwezi wa tisa ziko karibu na wewe unashuka kwenye joto, sasa la nini?

Kwa hiyo ukifunga, funga kwa watu watano. Chini weka zawadi za kutajwa, ndagala na chumvi na sabuni. Juu weka zawadi zisizotajwa, ambazo ni nguo zako zote.

Nafasi itakayobaki haitakaa tupu. Utashuka na viazi, na maharagwe, na jibini ya ng'ombe wa kule imefungwa kwa jani la mgomba na kuviringishwa ndani ya lile shati jeupe la harusi. Njia ya kushuka inaumiza magoti, lakini kila saa unavua kitu, kama bado unacho. Ukilifikia joto la uwanda, jibini inaanza kusema. Kwenye gari ya kurudi Nyakabere abiria watasogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka utabaki na kiti kizima peke yako.

Shati nililifua mara nne. Juma lililopita simu iliita, ujumbe kutoka kwa yule binamu mdogo. Lazima alipanda hadi kwenye kilima chenye mtandao kuutuma.

"Yaya, shikamoo. Tiriko yako iko muzima, inanitosha sana. Kiangazi hiki ukikuja, usisahau soksi. Babu anasema zile za mwaka jana zilikuwa fupi."

Ninatoka sasa hivi kwenda sokoni. Sitamwambia muuzaji ni lini.